Mwanya wa Wambeti

Daktari Mwirigi alilikausha jino la mbele la Wambeti kwa hewa, akalimulika, akalikwaruza kwa ncha ya chuma. Alikuwa amemaliza kumtoa vyuma vya kunyoosha meno, na sasa alitafuta mabaki ya gundi. Kila jino hupewa alama: sifuri ikiwa gundi yote imetoka, tatu ikiwa imebaki yote na chapa ya chuma juu yake. Jino la kwanza lilipata sifuri. La pili, sifuri. Yote sifuri. Akavitazama vile vyuma kwenye trei. Navyo havikuwa na gundi hata chembe.

"Umekuja na nani?" aliuliza.

"Na Cucu. Mimi ndiye niliitwa jina lake."

"Mwambie aingie."

Cucu huyo, nyanya yake, Wambeti mkubwa wa Runyenjes, aliketi kitini na kiondo chake mapajani. Daktari akammulika. Tatu. Tatu. Tatu. Gundi yote ilikuwa pale, na chapa za vyuma zilionekana wazi kama alama za kwato za mbuzi kwenye tope. Mwanya wake wa mbele ulikuwa umezibika kabisa. Daktari alikuwa ameyaona hayo kwa watu wa jina moja, huku Embu zaidi kuliko kwao Meru. Akachukua mashine ya kusugua.

"Yalianza kuuma lini, Cucu?"

"Ile siku huyu aliwekwa vyuma."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Yeye alikuwa analala vizuri. Kama ni mimi inauma, si basi yeye haimuumi?"

Wambeti alikumbuka alivyokuwa akijigamba ofisini kwamba vyuma havimuumi hata kidogo. Aliona aibu, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mwanya wake ni mbaya. Aliuziba kwa ajili ya picha za harusi, basi. Alikuwa ameurithi kwa nyanya, ambaye kwa mwanya uo huo alipiga mluzi uliosikika kutoka kwenye shamba la kahawa hadi mtoni. Utoto wake wote, Wambeti aliitwa nyumbani kwa mluzi huo, na alirudi mbio hata alipokuwa hataki.

Gundi ilipokwisha kutolewa, daktari alimpa Wambeti kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku.

"Na asipovaa?" nyanya aliuliza.

"Meno yatarudi polepole yalikokuwa. Ya nyinyi wote wawili."

Nyanya alikuwa akikitazama kile kifaa.

"Nitavaa mpaka harusi tu, Cucu," Wambeti alisema. "Picha zikiisha, naacha."

"Ni sawa. Usiharibu harusi yako."

Harusi ilifanyika Desemba na picha zikatoka nzuri. Halafu kukawa na picha za ubatizo wa mtoto, halafu za kupandishwa cheo. Kila usiku Wambeti hukishika kile kifaa kwanza, akamkumbuka nyanya yake, akajuta kwa moyo wote. Kisha hukivaa na kuzima taa.

Huko Runyenjes, kila asubuhi nyanya hupitisha ulimi katikati ya meno yake ya mbele kuona kama kumefunguka. Jioni husimama kwenye kahawa, akageukia upande wa mtoni, akajaribu mluzi. Hutoka pumzi tu. Majirani humwambia meno yake ni mazuri sana, naye huwashukuru.