Nyumba Iliyochaguliwa

Mkono ulikuwa umeanza tena vituko vyake. Mwantum aliushika kwa ule mwingine, akainamisha dumu kwenye faneli, na bado mafuta ya alizeti yakamwagika nje ya chupa, yakanywewa na vumbi. Moyo ulikuwa unamwenda mbio tangu alfajiri, na hakuna aliyekuwa anamkimbiza. Bei imepanda, wateja wanauliza na kuondoka, mwenye nyumba kila siku anagonga. Lakini nani Singida hana hayo? Zahanati walimpa dawa za malaria, wakampa za taifodi, safari ya mwisho wakamwambia ni vidonda vya tumbo, aache maharage. Maharage! Kana kwamba kuna kingine cha kula.

Ndiyo maana aliposikia kuna watafiti wanapita kuulizia watu wenye wasiwasi usioisha, ijulikane nchi nzima wako wangapi, alimkimbilia mwenyekiti wa mtaa.

"Shikamoo mwenyekiti. Na kwangu watafika?"

"Marahaba. Kwako hapana. Kompyuta imechagua nyumba. Upande wenu imechagua kwa Kauthar."

Kwa Kauthar! Kwani kungekuwa kwa nani? Kauthar mwenye mashine ya kukamua alizeti, mwenye mume, mwenye vigae mpaka uani. Hata kuulizwa hali waulizwe wenye vigae? Wivu ulimpanda Mwantum. Alijua kabisa ni wivu, na hakuuonea haya.

Hakuwa amekaa sana kwenye chupa zake aliposikia sauti ng'ambo ya ua.

"Mwantum we! Njoo basi. Kuna kijana mgeni hapa na baba Nasri hayupo."

Mke wa mtu hakai ndani na mwanamume asiyemjua, wawili peke yao. Mwantum alifunika chupa kwa kanga, akaenda haraka kuliko alivyoitwa.

Kijana, Chrispin, alikuwa na kishikwambi mapajani. "Mama, maswali yenyewe ni ya siri," alimwambia Kauthar kwa upole. "Jirani angetupisha kidogo? Mlango tunauacha wazi, yeye akae pale kibarazani."

Kauthar alimtazama Mwantum. Mwantum akajifanya hakusikia, akajisogeza vizuri kwenye kochi. Aondoke? Wamemnyima maswali, sasa wamnyime hata kuyasikia?

"Mwache tu," Kauthar akasema polepole. "Ni ndugu."

"Siku za karibuni, umehisi moyo kwenda mbio bila sababu?"

Ndiyo, Mwantum akajibu moyoni.

"Hapana, alhamdulillah," akasema Kauthar.

"Kukosa usingizi kwa kuwaza mabaya yatakayotokea?"

Ndiyo, baba, ndiyo.

"Hapana. Sisi wazima kabisa."

"Kuogopa mpaka pumzi inakuwa nzito?"

Machozi yalimlenga Mwantum. Kumbe kitu hiki kinajulikana, mpaka kimetungiwa maswali! Na anayeulizwa ni huyu, anayekazana kuchambua nyuzi za pindo la mtandio wake.

"Hapana," akasema Kauthar.

"Niulize mimi, mwanangu!" Mwantum akalipuka. "Mimi yote ni ndiyo!"

Chrispin aliinamisha kichwa. "Samahani mama, haitaingia. Hapa nyumba iliyochaguliwa ni hii. Nenda hospitali ukawaeleze."

"Nimeshakwenda. Wamenikataza maharage."

Kijana alipotoka, Mwantum akamgeukia jirani yake. "Umepewa kila kitu, Kauthar, mpaka mtu wa kukusikiliza, halafu unamrudisha mikono mitupu!"

Kauthar alikuwa anakusanya vikombe. Vikagongana, vikagongana tena, mwishowe akaviweka chini, na mwenyewe akakaa hapo hapo kwenye vigae. Pindo la mtandio lilikuwa limechanika.

"Silali, Mwantum. Mashine ikizima, naona tumekwisha. Baba Nasri akichelewa, naona ajali. Tangu jana nilijiandaa kumwambia yule kijana."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Na wewe umekaa hapo? Kesho si ningekuwa habari ya mtaa? Nilikuita ukae barazani. Ukang'ang'ania kochi."

Kutoka njiani ilisikika sauti ya mwenyekiti akimsindikiza mgeni: "Si nilikwambia? Huku kwetu hayo mambo hayapo. Andika wazima."

Mwantum akajishusha taratibu, akakaa vigaeni.

"Haya," akasema. "Moyo kwenda mbio bila sababu?"

Kauthar akajifuta pua kwa mtandio. "Ndiyo. Na wewe?"

"Ndiyo."

Hapakuwa na wa kuandika.