Mwiko wa Mlinzi wa Sheshe

Mwanamke anayegombea mume na mwanamke mwenzake hakosi wa kumwonea huruma. Domitila alikuwa anagombea na sheshe, swala wekundu wa bonde la Kilombero, na Idete nzima ilikuwa inamcheka.

Mwaka huo wa 1956 Bwana Nyama, yule mzungu wa wanyamapori, alijenga zizi karibu na mto, akatia humo dume na jike wazaliane kabla bunduki hazijawamaliza. Ulinzi akampa Fridolin, mume wa Domitila, mtoto wa ukoo wa wawindaji. Fridolin alijua mwiko mmoja tu wa kazi ya wanyama: mwenye mtego porini halali na mkewe. Basi akahamia zizini na jamvi lake, mpaka jike lizae. Masika yakaja, yakapita. Jike halikushika mimba, wala Domitila.

"Mke mwenzio hajambo?" jirani yake Balbina alimwuliza kisimani. Domitila alijichekesha, roho ikimuuma.

Asubuhi moja akaenda mwenyewe zizini. Akamkuta Fridolin amechuchumaa, analilisha jike majani mabichi kwa mkono wake, analibembeleza taratibu. Yeye tangu aolewe hajawahi kulishwa hata kipande cha muhogo.

"Mwiko wa babu zako ni wa kuua," alisema. "Wewe umeambiwa uzalishe. Wataanzaje hawa, na mlinzi wao kamkimbia mkewe? Litazame dume lile. Limejitenga kama wewe."

Fridolin alilitazama dume, akakuna kichwa. "Kumbe," alisema.

Jioni, jua halijazama, akarudi nyumbani. Domitila alikuwa amepika wali na kitoga, samaki ambaye Fridolin anampenda, na amejipaka mafuta. Furaha ilimjaa mpaka akaona haya. Akampa maji anawe pale nje mlangoni.

"Umesema kweli, mke wangu," Fridolin alisema, akisugua miguu. "Tukianza sisi, naye ataanza. Wewe ukipata mimba, yule wangu hatachelewa."

Domitila alisimama na kopo mkononi. Kumbe hata kitandani kwake mume alikuwa anakuja kwa ajili ya yule. Akaingia ndani, akakomea mlango.

"Domitila, nifungulie. Si uliniita mwenyewe?"

"Niliyemwita ni mume wangu," alijibu kutoka ndani. "Aliyekuja ni mlinzi wa zizi. Arudi kazini."