Yasini ya Bu Azza

Yamna alipojiandikisha darasa la watu wazima pale chini ya msikiti, mtaa mzima ulicheka, na aliyecheka kuliko wote ni mumewe, Bu Azza.

"Binti Hammu! Meno yenyewe umebakiwa nayo manne, leo ndiyo unaanza alifu?" Bu Azza akamwambia.

"Kwani nasoma kwa meno?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Lakini alijua vizuri kwa nini mkewe anakwenda, maana ni yeye aliyemtuma. Miaka ya nyuma mama yake Yamna alikata roho ndani ya nyumba ileile, siku ya mvua kubwa. Imamu alikuwa ng'ambo ya mto, daraja halipitiki, na nyumba nzima hakuna hata mmoja wa kufungua msahafu. Mama wa watu akaondoka kimya, bila Yasini, wamemzunguka tu wanamtolea macho. Bu Azza alikuwa fundi wa kukamua zeituni, hajui kusoma hata jina lake, na jambo lile lilimtisha. "Mimi usije ukaniacha niondoke hivyo," akamwambia mkewe. "Yasini yangu utaisoma wewe."

Watoto wao walioko Ubelgiji wakasema siku hizi simu inasoma yenyewe, unabonyeza tu. "Simu haijawahi kunipikia," mzee akajibu. "Nataka sauti ya nyumbani kwangu." Wakati huo sukari ilikuwa imeshamlaza, mguu mmoja haukanyagi chini.

Basi Yamna akasoma. Kila siku baada ya sala ya alasiri anavaa jilaba lake, anabeba kitabu kifuani, anateremka ngazi za msikiti. Mwalimu wao, Ustadha Ghizlan, alikuwa binti mpole, mpole kupita kiasi mkiniuliza mimi. Anasoma mstari, wanawake wanaitikia kwa sauti moja. Anasoma tena, wanaitikia tena, kitabu na sura za Kurani vilevile. Hivyo ndivyo walivyozoea kujifunza kila kitu tangu utotoni, nyimbo za harusi na dua na namna ya kufuma zulia, kwa sikio. Kitabu kilikuwa kilekile tangu waanze. Wakawa wanakiimba toka jalada mpaka jalada, vidole vinatembea juu ya karatasi, na Ghizlan anapiga makofi. Yamna akirudi nyumbani anamsomea mumewe sura fupifupi, na mzee anafumba macho kwa raha.

"Haya, na Yasini?"

"Yasini ina saa yake. Unataka kujichulia?"

"Aa, mama, ngoja kwanza," mzee anasema, na wote wawili wanacheka.

Kisha Ghizlan akaolewa mjini Tanja, akaja Ustadha Nawal. Siku ya kwanza tu akamwita Yamna mbele, maana ndiye aliyesifiwa. Yamna akafungua kitabu, akasoma ule ukurasa wa mwanamke anayekwenda kisimani, kwa madaha, bila kusita.

"Mashallah," Nawal akasema, akimwita kwa heshima lalla, yaani bibi. "Lakini lalla, kidole chako kiko kwenye picha ya kuku."

Wanawake wakaangua kicheko. Nawal akawaita mmoja mmoja, akawafunulia ukurasa na kuwawekea kidole katikati, na kicheko kikaisha. Hakuna aliyejua kusoma. Darasa zima, tangu lianze, hakuna! Jirani yake Yamna, Rkiya, akajaribu kufanya mzaha, "Basi angalau kuku tunamjua," asipate wa kumchekea. Yamna akarudi kwenye mkeka, uso unamwaka. Hakuona kwamba amekosea tu. Aliona amemdanganya mgonjwa.

Jioni ile mzee aliomba asomewe, Yamna akamwambia koo linamuuma. Moyoni akajiapiza kwamba neno ambalo jicho lake halijalisoma, mdomo wake hautalitamka tena. Na hapo, jamani, ndipo alipopotea, ila wakati ule nani angemwambia?

Akaanza upya na alifu. Nawal hakumficha, "Lalla, Yasini ni ndefu, na macho yako yamechoka. Hii ni kazi ya miaka." Yamna akasema atafanya. Herufi ya leo kesho imeshamtoka. Bu Azza anamwomba sura zake za jioni, anajibiwa, "Bado najifunza, mzee wangu." Nyumba ikawa kimya, na mzee hakuelewa amemkosea nini mkewe.

Msimu wa zeituni ulipoingia, adhuhuri moja, Bu Azza akaanza kuhema kwa shida. Rkiya alikuwepo, akamtuma mtu mbio kwa imamu.

"Binti Hammu," mzee akasema. "Saa yangu hiyo. Soma."

Yamna akafungua msahafu mahali alipotia uzi. "Yaa," akasema. "Siin." Hizo alizisoma kweli, kwa jicho lake, na mzee akatabasamu.

"Endelea."

Kidole kikasogea, kikasimama. "Wal... wal..." Hii ni qafu au fe? Nukta moja au mbili?

Rkiya akamshika bega. "We Yamna, sema tu! Si unaijua? Misiba yote tuliyokaa tangu tuanze darasa, si wewe uliyekuwa ukiongoza?"

"Nasoma."

"Yamna, mtu anaondoka!"

"Nimekwambia nasoma!"

"Sema hiyohiyo unayoijua," Bu Azza akanong'ona. "Mimi siwezi kungoja."

"Neno moja tu, mzee wangu. Nivumilie neno moja." Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Akazihesabu zile nukta, zilikuwa mbili. Akaunga herufi na herufi, akarudi nyuma, akaunga tena, mpaka neno zima likamjia, akainua kichwa anacheka, machozi yanamtoka. "Nimelipata!"

Rkiya alikuwa ameshamfumba mzee macho.

Imamu akaingia anatweta, hakuomba hata msahafu. Akakaa kichwani pa marehemu, akaanza Yasini kwa moyo, mbio kama wanavyosoma wao. Yamna akajaribu kumfuata kwa kidole, akapotea hapohapo kwenye mstari wa kwanza, akakifunga kitabu magotini. Ila mdomo wake ulikuwa umeanza wenyewe. Ukurasa wote wa kwanza akaenda na imamu sawia, kwa sauti ile mzee aliyokuwa akiisikiliza amefumba macho, hakukosea hata neno. Aliyeitaka sauti hiyo alikuwa ameshafunikwa shuka.