Godoro la Matanga

To. Kimya. To. Jogoo wa jirani yake Mariette alikuwa hajawika bado tone lilipoanguka ndani ya beseni chini ya kitanda, likafuatwa na jingine, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Nabintu alifumbua macho, akasikiliza, kisha akageukia upande wa nyonga isiyouma. Mvua haikuwa imenyesha kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale tangu maharage yavunwe, na mabati yake hayakuwa na tundu. Kilichovuja kilikuwa godoro.

Lilikuwa likilia. Majirani, ambao Nabintu walimwita kwa jina la mwanawe, walisema, "Matela ya Mama Bonaventure inalia," kwa sauti ileile ambayo wangesema kwamba ndama wa fulani anakohoa.

Sababu ilijulikana. Godoro hilo Nabintu alilinunua kwa vitunguu vyake vya kwanza, wakati wenzake walikuwa bado wanalalia mikeka na mifuko ya unga iliyoshonwa. Lilikuwa nene, la kutosha watu wawili na mtoto. Na kwa watu wa Kivu, walikotoka, mfiwa halali peke yake. Wanawake huhamia kwake na vitenge vyao, hutandika chini, hulala naye mpaka matanga yaishe, na godoro lililo bora kijijini hutafutwa ili yeye alilalie. Godoro la matanga halinyimwi, wala anayelitoa haulizi litarudi lini. Basi, godoro la Nabintu lilikwenda kwenye kila mlango uliofiwa, mwenyewe akabaki na mkeka. Liliporudi, lilirudi limeanikwa na kupigwa vumbi, na mara nyingi limewekewa juu yai au kipande cha sabuni kama shukrani. Hakuna aliyekumbuka kwamba sponji hunywa.

Lilikunywa miaka mingi. Lilipotoka kwa Mariette, baada ya matanga ya mume wake Gervais, wanaume walilibeba wakipokezana, wakalitua njiani mara kadhaa. Alfajiri iliyofuata likaanza kurudisha.

Nabintu hakulilaumu. Alijifunza kuyatambua machozi kwa ladha. Ya Mariette yalikuwa na moshi wa mikaratusi. Ya mama mmoja wa ng'ambo ya bonde yalikuwa makali, kwa sababu mama yule alikuwa amelia huku amekasirika. Hakuyamwaga, maana machozi ya watu si maji ya kuoshea sufuria. Aliyapikia maharage, na maharage yake hayakuhitaji chumvi. Siku moja Mariette alikula kwake, akatafuna polepole, akamtambua Gervais ndani ya sahani, akaomba aongezewe.

Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba Nabintu hakuwa akilala. Ubaridi ulimpanda nyongani, na sauti za matone zilimjulia hali usiku kucha. Alikuwa ameanza kusinzia shambani amesimama, na jembe halina huruma na vidole vya miguu. Alimwambia jirani yake Nyirabahire kwamba hakuwa akiomba mengi kabla ya kufa. Alitaka tu kulala mpaka asubuhi.

Habari za godoro zilifika Base Camp, kwenye ofisi za kambi, na kutoka kwenye shirika moja dogo akaja Kabera, ofisa wa maji, kijana mwenyeji wa wilaya hiyo ya Isingiro. Alikuwa mpole. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasalimia kwa mikono miwili. Alikuja na gari la wagonjwa la shirika, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa na mafuta. Alikinga matone kwenye vichupa, akayatikisa, akayatazama juani.

"Nyabo, mama, hii maji iko salama," alisema. "Iko na chumvi, lakini haina wadudu. Tutaweka bomba."

Nabintu alishukuru, kisha akamweleza kwamba yeye hakuomba maji, aliomba usingizi. Kabera alisikitika kwa dhati. Usingizi, alisema, haukuwa katika idara yake.

Nabintu akatoka naye mpaka uani, akaliangalia gari. Akauliza kama ndilo lile ambalo marehemu Gervais aliambiwa alingoje.

Kabera akaliangalia naye. "Ndiyo hiyo," alisema. "Ni gari nzuri. Ile siku ilikuwa imepeleka watu kwa semina."

Haukupita muda, fundi akaja. Alilihamishia godoro barazani, akalifungia robine, koki ya shaba, kwenye pembe, na robine akaijengea kwa saruji ili isiibwe. Mbele ya nyumba wakasimamisha kibao chenye jina la mradi na picha ya kiganja kinachopokea tone. Kilikuwa kibao kizuri, kipana kuliko mlango wa Nabintu. Wageni wakaanza kuja kuona. Walimpa mkono, wakafungua robine, wakafunga, wakapiga picha. Barabara ilikuwa mbaya, kwa hiyo waliletwa na gari la wagonjwa, ambalo lilikuwa na magurudumu ya nguvu.

Nabintu sasa alilalia mkeka, na nyonga ikazidi. Msimu wa vitunguu ulipokuwa mzuri, Nyirabahire alimwambia wapande gari waende Mbarara, wakamtafutie godoro lisilojua habari za mtu yeyote.

Nyirabahire alikuwa mke wa Mzee Semahoro, mfugaji wa Kinyamulenge ambaye ng'ombe walimwishia akabakiwa na mbuzi. Huko walikotoka, watu wa vilima vyao na watu wa vilima vya kina Nabintu hawakuwa wakiazimana hata moto. Hapa Nakivale wanawake hawa wawili waliazimana mchi, dawa ya kikohozi na vyandarua, na Nyirabahire, ambaye alikuwa Mprotestanti, alimtunzia mwenzake rozari kila alipokwenda shambani, ingawa aliishika kwa ncha za vidole. Njiani, walipopita malisho ya Masha, alisogea dirishani akawa anasifia ng'ombe wa watu kwa sauti ndogo, mmoja mmoja, mpaka kondakta akamwuliza kama anataka kushuka.

Duka walilolipata Mbarara lilikuwa la bwana mmoja mnene aliyeitwa Kabanda. Magodoro yalisimama ukutani yamevikwa nailoni. Kabanda aliwaeleza kwamba yako laini, yako magumu, na yako ya katikati, na kwamba watu wengi hununua kwa kubonyeza na kidole, halafu wanarudi kulalamika, kana kwamba kidole ndicho kinacholala.

Nabintu akabonyeza kwa kidole.

"Lala, Mama Bonaventure," Nyirabahire alisema. "Matela haichaguliwe na vidole."

Basi akavua kandambili, akalala kiubavu, kama alivyozoea. Kabanda aligeuza uso kwa heshima, akamwomba Nyirabahire apitishe kiganja chini ya kiuno cha mwenzake. Kiganja kikipita kama kinapita chini ya daraja, godoro ni gumu mno. Kikikataa kupita, limemmeza. Lile la kwanza lilikuwa daraja. La pili lilimmeza mpaka wakamvuta kwa mikono. Kwenye la tatu kiganja kilipita kwa kubembeleza, na Nyirabahire akasema hilo ndilo. Alipomwambia mwenzake ainuke, mwenzake alikuwa amelala.

Nyirabahire akakaa pembeni kumlinda. "Akianza kukoroma, batatuuzisha pamoja na matela," alimwambia Kabanda, na kabla hajamaliza kucheka naye akajilaza kidogo.

Kabanda alirudisha ubao mmoja wa mlango ili jua lisiwapige usoni. Wateja walioingia aliwahudumia kwa kunong'ona, nao wakanong'ona, na mmoja alinunua mto bila kubishana bei kwa kuogopa kupaza sauti. Wanawake wale waliamka jua limeshahamia upande wa pili wa barabara. Kabanda aliwapa chai, akauliza kama godoro alitoe nailoni au aliache nayo.

Nabintu akauliza kama nailoni inapitisha machozi.

Kabanda alifikiri. "Haipitishi," alisema. "Lakini mama, machozi ikikosa mahali ya kuingia, inamwagika chini. Mtu atateleza."

Nabintu akaona ni kweli. Akasema nailoni itolewe.

Alilala. Alilala kama jiwe la mtoni, na asubuhi nyonga ilikuwa nyepesi kiasi kwamba alisahau ni ipi. Nyirabahire alikuja kila siku na kikombe cha maziwa ya mbuzi, kuuliza habari za usingizi.

"Umeota nini?"

"Sikuota kitu."

"Basi ni matela ya muzuri," Nyirabahire alisema, akaridhika kama aliyelala ni yeye.

Nabintu alikuwa ameweka nia. La zamani libaki barazani na robine yake. Hili jipya lisitoke nyumbani mpaka siku atakayolalishwa yeye mwenyewe juu yake. Aliitangaza nia hiyo kisimani, na hakuna aliyemwona mchoyo. Walisema amekilisha kijiji kizima usingizi wake.

Kisha tumbo la Nyirabahire likakaza kwa maumivu. Umuhire, binti yake, alimpeleka kliniki ya Base Camp, na muuguzi, ambaye alimlaza vizuri akamfunika kwa koti lake mwenyewe, alisema hapa hawezi kusaidiwa, afike Mbarara mchana huo huo. Aliwapigia simu watu wa hospitali ya Ruharo, mjini humo, nao wakasema kitanda kipo, wamlete. Kilichobaki kilikuwa gari. Gari lilikuwa uani kwa Nabintu. Lilikuwa limeleta wageni kuona robine.

Mzee Semahoro alifika kwa miguu, fimbo mkononi. Alivua kofia mbele ya wageni.

"Bwana Kabera," alisema, "mama ya Umuhire iko ananguja hii motokari pale kliniki. Iko anaumwa sana."

Kabera alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza. Alieleza kwamba wageni wametoka mbali, na baada ya robine wataona cherehani za shirika, kisha watakunywa chai, na jioni gari litakuwa huru kabisa. Akampa mzee chupa ya maji, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Mgeni mmoja wa kike aliinuka akampisha kwenye kiti.

Mzee hakukaa.

Nabintu alikuja akasimama kati ya gari na wageni. "Kama ni juu ya robine," alisema, "mufunge robine."

"Nyabo," Kabera alisema kwa upole, "tukiifunga, hawa wageni watakuwa wamekuja kuona nini?"

Nabintu akaifunga mwenyewe. Machozi yakaanza kutoka kwenye mishono, na wageni wakasogea karibu kupiga picha, kwa kuwa hilo hawakuwa wameliona bado.

Semahoro alirudi akatafuta pikipiki. Walimweka Nyirabahire katikati, kati ya dereva na Umuhire, wakamfunga kwa kitenge asianguke. Dereva, mtu wasiyemjua, aliendesha kwa uangalifu kama amebeba mayai, na akakataa nauli. Walifika Masha. Umuhire alisimulia baadaye kwamba mama yake alifumbua macho hapo, akatazama malishoni, akawasifia ng'ombe wawili. Wa tatu hakumfikia.

Jioni Umuhire alisimama mlangoni kwa Nabintu, macho chini. Alijua nia iliyotangazwa kisimani, kwa hiyo aliomba lile la zamani. Nabintu alimwambia lile limeshiba, halipokei tena, na isitoshe limejengewa kwa saruji na sasa ni la mradi. Alipokuwa akisema hayo, jipya lilikuwa limeshakunjwa na kufungwa kamba. Alilibeba kichwani mwenyewe, nyonga na yote. Mariette alijitolea kumpokea njiani. Akakataa.

Alilala na Umuhire juu ya godoro hilo mpaka matanga yakaisha. Lilikuwa changa, na lilikunywa kwa sauti, kama ndama. Alilisikia likinywa machozi ya Umuhire, likinywa ya Mzee Semahoro, ambaye alikuja kukaa pembeni yake mara moja tu akidhani hakuna anayemwona, na likinywa yake yeye. Liliporudi nyumbani lilikuwa limejaa, nalo likaanza kudondosha, maana Nyirabahire alikuwa na watu wengi.

Kabera alikuja kutoa pole. Alileta sukari, akaketi mkekani, akaushika mkono wa Semahoro kwa mikono yake miwili. Kisha akalia, kweli kabisa, na machozi yake Nabintu aliyafuta kwa kanga yake. Baada ya hapo walikwenda wote kwa Nabintu, fundi aliyekuja na Kabera akalifungia godoro jipya robine ya pili, na kibao kikabadilishwa, kwa kuwa mradi sasa ulikuwa umepanuka. Nabintu aliangalia kazi hiyo macho yakiwa mazito. Alirudisha mkeka wake ndani. Kabera aliona namna alivyoinama, akamshika kiwiko, akamsaidia kuutandika.

Wageni wengine walikuwa wakingoja kuchukuliwa Base Camp, kwa hiyo hakuweza kukaa. Semahoro na Nabintu walimsindikiza mpaka kwenye gari, kwa kuwa mtu aliyekuja kukupa pole humwachi aondoke peke yake. Dereva aliwasha injini. Mzee aliweka kiganja juu ya mlango wa gari, akakiacha hapo.

"Mukuye tena kututembelea, Bwana Kabera," alisema. "Ila mukuye mapema, wakati tungali bote."