Namna ya Kumkunja Mpagazi

Msimu wa pamba wa mwaka themanini na nane ulipofunguliwa, toroli la kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda lilikuwa linaingia mwaka wa pili bila gurudumu la mbele. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya stoo, na kuku wa mlinzi walikuwa wamezoea kutagia ndani yake. Kwa hiyo marobota yalibebwa na watu. Robota moja lilikaribia kilo mia na themanini. Wanaume wanne walilishika pembe nne, wakalitoa kwenye mashine ya kushindilia na kulipandisha kwenye lori, wakiimba asubuhi na kunyamaza mchana. Jioni walipanga foleni kwenye chumba cha huduma ya kwanza, mikono viunoni, na Nesi Ursula akawapaka alichokuwa nacho. Kwa miaka minne alikuwa na dawa ya zambarau tu. Ndiyo maana wapagazi wa kiwanda kile walijulikana Bunda nzima kwa viuno vyao vya zambarau.

Mwezi wa saba mkoa ulitaka marobota zaidi. Meneja, Bwana Apolinary, alifikiria gurudumu kwa muda wa chai moja. Gurudumu lilihitaji barua tatu, kikao, na sahihi ya mtu aliyekuwa masomoni ng'ambo. Lakini binamu yake Stanislausi alikuwa amefungua duka la dawa baridi karibu na stendi. Zilikuwa siku ambazo masharti ya biashara yalikuwa yamelegezwa, na kila kilichokosekana kwa miaka kumi kilikuwa kinaingia kupitia mpaka wa Sirari: sabuni, mitumba, betri, na katoni kwa katoni za vidonge vyeupe upande mmoja na vya kijani upande wa pili. Upande mmoja ulituliza maumivu, upande wa pili ulilegeza misuli. Jina lake la kwenye boksi lilikuwa refu. Watu waliviita legeza.

Vidonge viliwekwa kwenye ndoo, ndoo ikawekwa getini. Mpagazi alichota viwili akiingia, viwili saa sita, viwili saa kumi. Aliyenung'unika aliruhusiwa kujaza kiganja. Meneja alisema hakuna kiwanda kingine Kanda ya Ziwa kinachowapenda wafanyakazi wake namna hiyo.

Mihayo, mume wa Ursula, alikuwa mpagazi wa pembe ya mbele, mtu wa kifua na maneno machache. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani anapiga mluzi.

"Siku hizi nabebaga kama sina mgongo, mama Gati," alisema.

Ursula alifurahi, kama mke yeyote angefurahi. Furaha ilidumu mpaka Jumamosi, aliponunua karanga stendi. Karanga zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi nyembamba yenye maandishi madogo, na alipozimaliza aliisoma, maana alikuwa amefika kidato cha nne na hakuwa mtu wa kuacha maandishi yapite hivihivi. Ilikuwa karatasi ya maelezo ya legeza. Stanislausi alikuwa anazitoa zote kwenye maboksi na kuwauzia wauza karanga kwa kilo, kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu na vidonge alivipima kwa kiganja.

Karatasi ilisema kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, baada ya chakula, kwa siku chache tu. Ilisema asiimeze anayekunywa pombe, wala mwenye ini bovu. Ilisema aliyeimeza asiendeshe mashine, asipande juu, wala asibebe kizito, kwa sababu dawa inaleta usingizi na kulegea. Ilisema ndani yake mna parasetamoli, kwa hiyo mtu asiongezee parasetamoli nyingine. Ilisema macho yakigeuka manjano, au mkojo ukawa mweusi kama chai, mtu aiache na kumwona daktari siku hiyo hiyo.

Jumatatu Ursula aliipeleka ofisini. Meneja aliigeuza, akaona alama ya mafuta ya karanga.

"Nesi, haya yameandikiwa Wazungu wanaokaa kwenye viti."

"Anayekaa kwenye kiti mgongo utamuuma kwa nini, bosi?"

"Wewe unataka watu wangu waumwe?"

"Nataka toroli lipate gurudumu."

Meneja akacheka kwa upole, akamrudishia karatasi yake. Ursula alitafsiri maelezo yote kwenye ubao wa getini kwa chaki. Yalikaa nusu siku. Saa saba mchana karani aliyafuta ili aandike idadi ya marobota, maana ubao ulikuwa mmoja.

Alhamisi ya wiki ya tatu Mihayo alilegea. Haikutokea kwa kishindo. Robota lilikuwa limefika nusu ya njia ya kwenye lori, na pembe ya mbele ikashuka polepole, na Mihayo akashuka nayo, magoti yakikunjikia mbele na nyuma bila ubaguzi, mpaka akatandazika sakafuni kama shati lililoanguka kutoka kambani. Wenzake watatu waliliweka robota chini wakapumzika. Msimamizi, mzee Keraryo, alimwokota Mihayo, akamkung'uta vumbi la pamba, akamkunja mara tatu. Kwa mazoea akampitisha kwenye mzani. Alikuwa kilo sabini na moja, zilezile za Januari. Kisha akambeba begani mpaka chumba cha huduma ya kwanza na kumlaza juu ya meza.

"Huyu amelegea," alisema, akarudi kazini. Lori lilikuwa linasubiri.

Ursula alimkunjua mumewe taratibu, akamnyoosha kwa viganja kuanzia shingoni. Uso ulikuwa uleule, na ulikuwa unatabasamu.

"Unaumwa wapi, baba Gati?"

"Hakuna. Sijawahi kujisikia vizuri hivi."

Alimvuta kope. Weupe wa jicho ulikuwa umegeuka manjano. Akamuuliza kwa siku anameza vingapi. Mihayo alihesabu kwa sauti, maana vidole vilikuwa havisimami: sita vya ndoo, vinne vya kununua kwa Stanislausi, na parasetamoli mbili za kichwa.

"Na gongo?"

"Kidogo tu. Jioni. Ya kusukumia vidonge."

"Parasetamoli imo ndani ya legeza, baba Gati. Umekuwa ukimeza dawa moja mara mbili, na kuisukuma na sumu."

"Hatukuambiwaga," alisema Mihayo bila chuki. Mtu asiye na mgongo hapati pa kuegemeza chuki.

Ursula hakulia. Alimkunja, safari hii mara mbili tu ili asibanwe kifua, akamweka kwenye kikapu cha ukindu, kichwa juu apate hewa, akapanda basi la mchana kwenda Musoma. Konda aliuliza kama ni abiria au mzigo. Ursula akasema ni mume wake. Konda alifikiri, akakipandisha kikapu juu ya keria, pamoja na kuku na magunia ya mtama. Walipopita Kiabakari vumbi lilikuwa jingi, na Ursula alisikia kutoka juu mtu anakohoa, akajua bado yu hai.

Daktari aliyempokea Musoma alikuwa mzee aliyechoka, lakini alijua kazi yake. Alimpapasa Mihayo chini ya mbavu, mahali ambapo mbavu zingekuwa, akachukua damu, akasema ini limechoka, halijafa. Akamweka siku nne, akimpima kila asubuhi. Siku ya tano akamwandikia Ursula masharti: vidonge viachwe vyote, pombe iachwe, apumzike, anywe maji, arudi kila wiki apimwe. Akauliza wako wangapi.

"Kiwandani? Arobaini."

"Basi usiniletee mmoja mmoja. Nenda ofisi ya kazi ya mkoa ukawaambie."

Ofisi aliyoelekezwa ilikuwa hapohapo mjini, mtaa wa Iringo, ghorofa ya kwanza, na Ursula alipanda ngazi na kikapu mkononi. Afisa alikuwa na suruali mpya ya mtumba na fomu mbele yake. Alimtazama Mihayo kikapuni, wakasalimiana vizuri. Kisha akatembeza kalamu juu ya fomu.

"Hapa pana waliokufa na walioumia," alisema. "Amekufa?"

"Hajafa."

"Ameumia?"

"Haumwi popote, mzee," alijibu Mihayo mwenyewe, kwa ukweli.

"Sasa mama, nimwandike wapi? Fomu haina sehemu ya waliolegea."

Ursula alimwekea karatasi ya karanga mezani. Alimweleza habari ya ndoo, ya kiganja, ya ubao uliofutwa, ya toroli na kuku. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, maana chai yake ilikuwa bado ya moto.

"Mama, nchi nzima inalegeza masharti," alisema, "wewe peke yako unataka kukaza?"

Akagonga muhuri kwenye karatasi ya karanga, kuonyesha kwamba imepokelewa, akaiweka chini ya kikombe.

Ursula alimpeleka mumewe Butiama, kwa mama yake, Bi. Wankyo, ambako kulikuwa na maziwa na hakukuwa na duka la dawa. Hilo lilikuwa na ugumu wake. Mkwe haguswi na mama mkwe, wala hatazamwi akiwa amelala, na Mihayo hakuwa na namna nyingine ya kuwa. Bi. Wankyo alitatua jambo hilo kwa kuzungumza naye akiwa ameupa mgongo mlango.

"Mkwe wangu umeamkaje?"

"Nimeamka laini, mama."

"Uji uko hapo. Mke wako atakumiminia."

Siku nane hazikuleta kitu. Ursula alimwanika asubuhi kwenye jua dogo, akamnywesha maji, akamgeuza. Manjano yalianza kufifia machoni. Siku ya tisa, akiwa jikoni anasonga ugali, alisikia mumewe anapiga ukelele wa mtu aliyekanyagwa na ng'ombe. Aliweka mwiko chini, akamshukuru Mungu. Maumivu yalikuwa yamerudi. Yalianza kwenye visigino, yakapanda magotini, na kila yalipofika mfupa ulisimama. Baada ya wiki moja nyingine Mihayo aliketi. Mwisho wa mwezi alitembea mpaka zizini, ameshika kiuno, anatukana kwa Kisukuma, mzima kabisa. Daktari wa Musoma alipima damu yake akasema vema, na legeza asiiguse tena maisha yake.

Likizo yake ilipokwisha, Ursula alirudi kazini peke yake. Aliwakuta wapagazi wote wamelegea, na aliyebaki wima ni msimamizi tu, Keraryo, ambaye hakuwahi kumeza kidonge kwa sababu alikuwa Msabato na alikishuku chochote kinachotolewa bure. Meneja hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amegundua faida. Wapagazi waliolegea waliweza kujipenyeza chini ya robota na kulisogeza kama viwavi, ishirini kwa robota moja, bila kulalamika. Jioni walikunjwa na kupangwa kwenye rafu, kumi kumi, ndani ya stoo, na hivyo hawakuchelewa asubuhi. Rafu zilikuwa mpya, za mninga, zimetengenezwa kwa wiki moja bila barua hata moja. Wengine walikuwa na macho ya manjano. Silasi, aliyeimbaga kuliko wote, alikuwa na mkojo mweusi kama chai.

"Huyu aende Musoma leo," Ursula alisema.

"Aende," alisema meneja. "Rafu haibaki tupu. Nje wako wengi."

Na kweli walikuwa wengi. Ursula alimpeleka Silasi mwenyewe. Alipewa onyo kwa kutoroka kazini, na hakufukuzwa, kwa sababu siku aliyokosekana mlinzi ndiye aliyewakunja wapagazi, na aliwakunja shingo zikiwa ndani, wawili nusura wakose pumzi. Tangu hapo kukunja ilikuwa kazi ya nesi. Kila wiki aliiba mmoja, aliye mbaya zaidi, akampeleka kwa daktari na kisha kwa mama yake Butiama. Kila aliyekazika alishukuru sana, akakaa mwezi mmoja au miwili akitafuta kazi nyingine kati ya Bunda na Musoma, akaikosa, akarudi getini kwa miguu yake mwenyewe.

Mwezi wa kumi Ursula alimkuta Mihayo kwenye foleni ya ndoo. Alikuwa amevaa shati safi.

"Daktari alisemaje, baba Gati?"

"Ada ya Gati daktari hakuisema." Mihayo hakumtazama. "Na mgongo unauma, mama Gati. Unauma sana."

"Unauma kwa sababu upo."

"Najua," alisema, na foleni ikasogea.

Ursula alisimama mbele ya ndoo, akaishika kwa mikono miwili. Wanaume walingoja kwa adabu. Hakuna aliyemsukuma. Meneja alitoka, akaleta ndoo ya pili, akaiweka kando ya ile ya kwanza, foleni ikapinda kidogo na kuendelea.

Mwaka uliofuata ulikuja ugeni wa mkoa kujifunza namna kiwanda kilivyovuka lengo. Walikuwa sita, pamoja na mwandishi wa kumbukumbu. Walioneshwa mashine, wakaoneshwa rafu. Ilikuwa mchana, mashine imezimwa kwa heshima ya wageni, na Ursula alikuwa anamkunja Mihayo, polepole, shingo nje, mkono wake ukisimama kila mara kumgeuza jicho kwenye mwanga. Mgeni mkubwa alipapasa mbao.

"Mninga?"

"Mninga, mheshimiwa."

"Na hawa, wanakula?"

"Wakikunjuliwa," alisema meneja.

Mwandishi aliandika. Wageni walipongeza, wakanawa mikono kwenye beseni lililoandaliwa, wakatoka. Stoo ikatulia. Kutoka rafu ya pili Mihayo aliuliza, kwa sauti ya chini, kama wageni wameshaondoka.

"Bado," alisema Ursula. "Wamekwenda kula."