Kipande cha Pili

Wanaosema kisukari ni ugonjwa wa wanene hawakumjua kaka yangu Kiogora. Alikuwa mwembamba tangu utotoni, na mimi hivyo hivyo. Hapa Kanyakine walituita fito mbili za ua mmoja. Kisukari kilimmaliza akiwa na miaka hamsini na mmoja. Aliacha binti mmoja, Joyline, ambaye mkono wake nauzungushia vidole viwili vikakutana. Nikimtazama naogopa, sitaficha.

Kwa hiyo daktari Ruguru alipokuja kanisani kutafuta ndugu wa watu wembamba waliougua kisukari, niliinuka kabla hajamaliza. Alitaka mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo, vipande viwili vya kupishana miezi mitatu, ili waone kama mafuta yetu sisi wembamba yanafanya kazi yake sawasawa. Ndugu wa Kiogora ni mimi peke yangu. Kama kulikuwa na kitu cha kumwonya Joyline mapema, kilikuwa tumboni mwangu.

Siku ya kwanza, hospitalini huko Meru mjini, waliniuliza kama nimemeza aspirini, kama nikijikata damu hukawia kukoma, kama nimekubali kwa hiari yangu. Walipouliza mara ya tatu nikamwambia muuguzi, kijana anayeitwa Mwongera, "Wewe, nimefundisha darasa la nne miaka thelathini. Nikisema ndiyo, ni ndiyo." Akacheka, kisha akaniuliza tena.

Akanipaka dawa ya baridi kando ya kitovu, akanichoma sindano ya ganzi, na tumbo likaondoka. Sijui niseme vipi. Mimi nilikuwa pale kitandani, ukungu umejaa dirishani, na tumbo langu liko mbali kama shamba la jirani. Kuna mtu huko analivuta polepole, wala haliumi. Nilimwona Kiogora akipita kwenye ukungu na jembe begani. Sikuwa na haraka ya kumwita.

Nilipogeuza kichwa, Mwongera alikuwa anakisuuza kipande kwenye maji ya chumvi. Kilielea humo, cha manjano, kidogo kuliko punje ya mahindi. Akakitia kwenye kichupa, na kichupa kwenye mtungi wa baridi kali uliofuka moshi mweupe.

"Ni kidogo, mama, lakini kinatosha," akasema, huku akinikandamiza pamba mpaka damu ikakauka kabisa.

Kidogo. Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani.

Daktari Ruguru aliniaga akisema, "Usibadilishe chakula. Rudi vile ulivyo." Sasa, kwetu, mtu akikualika na kukuambia usilete kitu, njoo tu, ni nani huenda mikono mitupu? Hayo ni maneno ya adabu. Mwenyeji lazima ayaseme, na wewe lazima ujaze kiondo. Basi nikajaza kiondo. Miezi mitatu nilikula maparachichi asubuhi na jioni, mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda uliolowa samli, ndizi, maziwa ya mgando. Nilikula bila njaa, mchana nikajilaza, na usingizini tumbo langu likawa pana na la manjano, lina joto, na Joyline amelala ndani yake bila kuguswa na ugonjwa wowote. Nikiamka majirani wananiambia nimependeza.

Nilirudi na kilo tisa zaidi. Mwongera akatazama mizani, akanishusha, akanipandisha tena. Kisha akamwita daktari.

"Mama Kaari, umefanya nini?"

"Nimewaletea mafuta ya kutosha," nikasema, tena kwa majivuno.

Akavuta kiti, akaketi. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema kipande cha pili lazima kitoke kwenye mwili ule ule wa kwanza, na mwili ule sijaja nao. "Tulikuhitaji mwembamba, mama. Kama alivyokuwa kaka yako."

"Nitakonda."

"Ukijikondesha, mafuta yatabadilika tena. Na utafiti unafungwa mwezi ujao."

"Na kile cha kwanza?"

"Tunakitunza. Lakini peke yake hakiwezi kutujibu." Akanishika mkono. "Joyline apimwe sukari kila mwaka. Hilo linawezekana."

Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia mimi. Miezi mitatu nilikuwa natafuna kile kilichonifananisha na kaka yangu, na kukishushia maziwa.

Joyline alikuwa ananingoja kwenye benchi la nje.

"Wamechukua, shangazi?"

"Hawakuchukua. Nimenenepa mno. Nilikula nikidhani nakusaidia."

Akanisogelea, akalaza kichwa begani mwangu, maana tulikuwa tumeamka mapema. "Zamani bega lako lilikuwa linaniumiza," akasema, na usingizi ukamchukua.

Nilikaa pale bila kujitikisa, nikilia, nikiusikia mfupa wa shavu lake ukizama ndani yangu.