Pua Isiyokosea

Mwaka wa 1969, Bwera yote haikuwa na pua iliyoheshimiwa kama ya Kezironi. Katika ghala la kahawa la ushirika, kazi yake ilikuwa kupenyeza mkono mpaka katikati ya gunia, kutoa konzi moja ya punje, kuzipumulia zipate joto, kisha kuzinusa macho yamefumbwa. Akisema kahawa hii ilianikwa karibu na moshi, mkulima hakubisha. Akisema gunia lina ukungu chini, lilimwagwa, na ukungu ukaonekana.

Kila Jumatano, Anastasie binti Kule alileta kahawa ya baba yake kutoka Nyakiyumbu. Siku moja alimwambia, "Watu wanasema wewe ni mgumu, bwana Kezironi. Mimi nampenda mtu mwenye neno moja."

Maneno hayo Kezironi aliyatunza moyoni miezi saba, akisubiri mavuno yaishe ndipo atume mshenga. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Mavuno hayajaisha, Célestin, muuza vitenge aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, aliingia ghalani na chupa mbili za marashi ya kiume, akimwita Kezironi "yaya", yaani kaka mkubwa, kama wasemavyo kwao.

"Yaya Kezironi, ninaomba pua yako! Jumapili niko naenda kwa muzee Kule, kujionyesha. Sasa nipake gani? Mimi ni mutu wa vitenge, najua rangi tu."

Kezironi alikuwa akishona mdomo wa gunia. Sindano ilimdunga kidoleni, asihisi.

"Anastasie mwenyewe amekubali?"

"Njo vile, yaya, ndiyo! Nilimuuliza mara mbili, akacheka mara mbili."

Kezironi aliitazama suruali ya kijana yule, iliyopigwa pasi mkunjo ukasimama, na viatu vyake visivyojua matope. Walicheka lini hao wawili? Walichekea wapi, wakati yeye ameinamia magunia?

Hata hivyo, kazi ni kazi. Alimkunjisha Célestin mikono ya shati, akamdondoshea marashi ya chupa ya kijani kwenye kiganja cha kushoto, na ya chupa ya mraba kwenye cha kulia.

"Marashi hayahukumiwi kwenye kizibo," alisema. "Kizibo ni harusi, ngozi ndiyo ndoa. Simama juani."

Mwanzoni ya kijani yalilipuka kwa limau na maua, hata wapagazi wakageuka. Ya mraba yaliwasha pua kama spiriti. Kezironi alingoja saa nzima, kisha akanusa tena. Limau lilikuwa limekimbia, limeacha utamu mzito, kama pombe ya ndizi iliyochacha karibu na mafuta ya mbuzi. Kwenye kiganja cha kulia spiriti ilikuwa imetulia, ikabaki harufu ya mti mkavu uliochongwa sasa hivi: harufu ya mtu ambaye mwanamke angeweza kuketi naye mpaka uzeeni. Aliinusa mara ya pili, akamwona Anastasie akilini akiegemea bega lile, akaichukia.

"Basi, yaya?"

"Ya kijani," alijibu. "Tena usipake kidogo."

Ilikuwa mara ya kwanza pua yake kujua hili na kinywa chake kusema lile.

Célestin alimshukuru kwa mikono miwili, kisha akamwomba awe msemaji wake kwa mzee Kule. Kezironi angeweza kukataa. Hakukataa; alitaka kuiona pua ya Anastasie ikikunjamana.

Jumapili baada ya misa walitembea juani mpaka Nyakiyumbu. Walipokaribishwa ndani, mzee Kule aliwasalimu, akasogeza kiti chake kuelekea mlangoni. Baada ya muda akakisogeza tena. Kezironi aliinama kuficha tabasamu. Anastasie akaleta maji ya kunawa, akainama mbele ya Célestin, akakohoa.

"Célestin! Umejimwagia nini?"

"Haiko nzuri?" Célestin alijinusa kwa hofu, jasho likimtiririka. "Lakini ni yaya Kezironi alichagua! Alininusa saa nzima kwenye jua. Pua yake haikosei, unajua."

Anastasie hakumtazama Célestin. Alimtazama Kezironi, taratibu, kama mtu anayeangalia gunia likimwagwa.

"Ndiyo," alisema. "Najua. Haikosei."

Kisha akamgeukia mgeni wake, na sauti yake ikalainika. "Nenda nyuma ukaoge. Baba atakuazima shati. Hilo ni jambo la sabuni tu."

"Mkwe akinuka huoshwa!" mzee Kule aliangua kicheko. "Hatupwi!"

Siku hiyo hakuna aliyemwomba msemaji aseme neno.

Jumatano iliyofuata, gunia la mzee Kule lilifika ghalani. Kezironi alinyoosha mkono. Anastasie akauziba mdomo wa gunia kwa kiganja chake.

"Samahani, bwana Kezironi. Anuse Semu."

Semu alikuwa mpima uzito, mtu wa mafua mwaka mzima. Alichota konzi moja, akavuta kamasi, akasema, "Nzuri, nadhani."

"Asante, bwana Semu. Neno lako linanitosha."

Wakulima waliokuwa kwenye foleni walitazamana. Anastasie alifunga gunia, akampita Kezironi bila kumtazama, na upindo wa kitenge chake ukaacha harufu hewani: mti mkavu, uliochongwa sasa hivi.

Kezironi alifumba macho. Ilikuwa chupa ya mraba. Hakuhitaji kunusa mara ya pili.